Mwaka Mpya Uliomfunga Jama

Jumapili. Joto tangu asubuhi, na upepo ule wa vumbi ambao ukifunga dirisha unaingia chini ya mlango, ukiziba mlango unashuka kutoka kwa mabati. Mdomoni nina mchanga. Nimechoka mpaka kalamu naiona nzito.

Acha nianze na Jumatano, maana nikianza na ya leo jioni nitalia na wino utachafuka.

Jumatano ilikuwa mwaka mpya wetu, ule unaohesabiwa kwa mwezi wa angani. Sisi Wachina wa Isiolo tumebaki nyumba tatu. Zamani za Mwingereza tulikuwa wengi kidogo: wapishi wa kambini, maseremala, mzee mmoja wa kutengeneza saa. Wengine wamezikwa, wengine walirudi Mombasa, wengine walikimbilia Nairobi vita vya shifta, wale waasi wa huku kaskazini, vilipoanza. Waliobaki ni sisi hapa Chechelesi, Mjomba Chen mwenye bekari, ambaye ni mjomba wa heshima tu, hatuna damu moja, na mjane mmoja wa Kiwanjani anayeotesha maharagwe ya kuchipua ambayo hakuna mtu anayanunua ila sisi.

Baba ni fundi wa meno ya bandia. Mji mzima unamwita Mzee Meno, na mimi na utu uzima wangu huu bado naitwa Binti Meno. Alinileta hapa kutoka Mombasa nikiwa mtoto wa kubebwa. Kichina nakiongea nikiwa na hasira au nikiota. Mengine yote ni Kiswahili, hata haya.

Sasa, desturi yetu ni kwamba mwaka ukiingia lazima upige fataki mlangoni. Zile kelele zinafukuza mikosi. Makaratasi mekundu yanayobaki hayafagiwi siku hiyo, kwa sababu ukifagia unatupa nje bahati yako mwenyewe. Na siku ya tano, mtu akifungua duka lake tena, anapiga nyingine.

Tangu vita vianze Baba hakupiga. Nani atapiga fataki katika mji wenye kambi ya jeshi, ambapo jua likizama kila mtu yuko ndani kwa kafyu, na lori haliendi Garbatulla bila msafara wa askari? Hata kichaa anajua. Lakini mwaka huu Baba aliamka na yake. Mama alikufa mwaka jana. Wateja wamekwisha, maana watu wa mifugo wamekusanywa kambini na hawaruhusiwi kuja mjini. Unga wa Mjomba Chen ulichomwa njiani pamoja na gari. Baba akasema mikosi imetujaa kwa sababu miaka yote hii tumeiacha iingie bila kuifokea.

Nilimwambia, Baba, wewe ni mzima kweli? Akasema atapiga mchana kweupe, kila mtu aone. Shifta gani atafyatua bunduki mchana uani kwa fundi wa meno?

Akapiga.

Mimi nilikuwa nakanda unga, na nilijikuta chini ya meza nimekumbatia bakuli. Zilipasuka mfululizo, kuku wakaruka ua, mbwa wa mtaa wote wakabweka. Kisha kukawa kimya, kisha nikasikia filimbi za askari.

Waliingia kwa uani wetu wakikimbia. Moshi ulikuwa bado unanuka. Makaratasi mekundu yalikuwa yamejaa chini, buti zao zikayakanyaga. Baba alisimama katikati yao na kijiti cha ubani kinachowaka mkononi, akisema, "Ni mimi, ni mimi." Mmoja wao akamshika bega kwa heshima kabisa, akamwambia, "Mzee, ingia ndani, kuna hatari." Halafu wakaenda moja kwa moja mpaka mlango wa Jama.

Hawakutuuliza hata swali moja.

Jama ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Baba yake alikuwa Msomali, askari wa Mwingereza, vita vya Wazungu vilipoisha akapewa makazi hapa pamoja na wenzake. Jama mwenyewe amezaliwa Isiolo. Ana lori, anabeba chakula cha serikali kupeleka Garbatulla. Mkewe, Mama Saadia, ni rafiki yangu tangu tuko wasichana wa kuchota maji pamoja, na mpaka leo ananiita abaayo, dada yangu, kwa lugha yao. Walipindua nyumba yao yote. Walimwaga mchele, wakachimba chini ya kitanda, wakapasua godoro. Hawakupata kitu. Wakamchukua hivyo hivyo, kwa sababu mlio ulitoka upande wake, na kwa sababu mtu anayejua barabara ya Garbatulla eti lazima anajua na mengine.

Alhamisi asubuhi Baba alivaa koti lake akaenda polisi kusema ukweli. Koplo wa getini anamfahamu vizuri, meno yake ya juu yametengenezwa na Baba. Akamwambia, "Mzee Meno, una roho nzuri sana. Lakini usimfunike jirani. Karatasi haiwezi kulia kama bunduki." Akamrudisha. Ijumaa akaenda tena, wakamrudisha tena, safari hii wakampa na kikombe cha chai.

Mimi nimeishi na watu wa huu mji tangu utoto na sijawahi kusikia mtu anafukuzwa polisi kwa sababu anataka kukamatwa. Siku nyingine ningecheka.

Ijumaa hiyo ndiyo tulisikia kwamba Jama na wengine watasafirishwa Jumatatu. Wanapelekwa chini, kusini, mbali, na hakuna anayeambiwa wapi. Kuna wanaume wa mtaa huu waliosafirishwa hivyo na wake zao mpaka leo hawajui waseme ni wajane au la. Mama Saadia aliponisikia uani aliniuliza kupitia ukutani, "Abaayo, baba yako amesema?" Nikajibu amesema, hawataki kumsikia. Baada ya hapo hakuniita tena, na nilipomwamkia asubuhi yake aliingia ndani.

Mjomba Chen alikuja na mikate miwili na uso wa msiba. Alimwambia Baba aache. Hawa watu wamekuona huna hatia, akasema, wewe unaenda kuwalazimisha? Sisi ni nyumba tatu tu. Redioni wanasema kila siku Wachina wanaleta siasa nyekundu, wanawapa shifta silaha, na wewe unataka kwenda kuwaambia Mchina ana baruti ndani ya nyumba? Funika kombe mwanaharamu apite. Jama ana watu wake, watamtafutia njia.

Nakiri hapa, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukiri. Nilikubaliana naye. Sikufungua mdomo, lakini moyoni nilisema ndiyo, Mjomba, mwambie, mwambie tena. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasikia Mama Saadia akilia upande wa pili na bado nilikuwa nasema ndiyo.

Baba alimaliza mkate wake polepole, na meno yake mwenyewe yote yapo, ya kuzaliwa nayo. Kisha akasema, "Mkosi nilioufukuza kwangu umeingia kwa jirani. Huo si mwaka mpya. Huo ni wizi." Mjomba Chen akachukua kofia yake akaenda.

Jana Baba alikaa siku nzima kwenye chumba chake cha kazi akilainisha nta bila kutengeneza chochote. Nilidhani amechoka, amekubali. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Leo asubuhi nilipoamka hayupo. Koti halipo. Nikaenda jikoni kuchemsha maji, nikaona kopo la majani ya chai, lile kubwa tuliloletewa na ndugu zetu wa Mombasa, liko wazi juu ya meza. Ndani yake ndimo alimoficha fataki za siku ya tano. Hazikuwemo.

Ai! Nilitoka mbio bila viatu. Nilikuwa na picha moja tu kichwani: mzee mwenye koti, getini mwa polisi, anawasha kiberiti, na kijana mwenye bunduki ambaye hakulala usiku. Watu wa kanisa walikuwa njiani na nguo zao nzuri, mama mmoja wa Meru akaniita, "Binti Meno, kuna nini?" Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza. Kila hatua nilikuwa nasubiri mlio.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi ndani ya ofisi, mzima, ameshika magoti. Fataki zilikuwa mezani mbele ya inspekta, mkufu mrefu mwekundu umelala juu ya mafaili, na askari wote wamesimama mbali nazo. Huyu inspekta ni kijana, ni mgeni, amekuja mwezi huu kutoka huko chini. Baba alikuwa anamwambia kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika ambacho miaka yote hakijapona, "Wewe washa. Mimi nyamaza. Wewe washa, sikiliza."

Inspekta alimtazama sana. Mwishowe akamwamuru koplo azitundike kwenye mgunga ulio nyuma ya kituo. Akawaambia askari wake wote, mmoja mmoja, kwamba hizi ni fataki, zitalia, mtu asishtuke.

Koplo akawasha akakimbia.

Wallahi, kama anavyosema Mama Saadia, sijaona kitu kama kile. Askari wote walilala chini. Wote! Wameambiwa, wameonyeshwa, wamezikodolea macho kabisa, na mlio wa kwanza tu wako kifudifudi kwenye vumbi. Koplo aliyewasha mwenyewe alikuwa wa kwanza, ameziba masikio. Mmoja alikoki bunduki akatafuta adui juu ya paa. Kelele zilipoisha wakaanza kuinuka wakijipangusa kaptura, mtu mmoja akacheka, wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

Inspekta peke yake hakucheka. Aliokota kipande cha karatasi nyekundu, akakigeuza geuza. Akasema, "Mlio ni ule ule wa Jumatano." Kisha akasema Jama aletwe.

Alitolewa ameshika viatu mkononi, shati limechanika bega, jicho moja limevimba, mdomo umepasuka. Alimwona Baba, akaona makaratasi chini ya mti, akaelewa. "Kumbe ni wewe, Mzee," akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa mchovu tu.

Nilidhani yamekwisha. Nikamshika Baba mkono tuondoke. Inspekta akasema hapana, huyu mzee amekuwa na baruti katika eneo la hatari, atakaa ndani mpaka apatikane mtu wa kumdhamini, mwenyeji wa hapa, aweke sahihi kwamba hatarudia.

Jama hakungoja amalize. Alikuwa bado hajavaa viatu. "Mimi nitamdhamini," akasema.

Inspekta akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Wewe? Wewe mwenyewe unahitaji mtu wa kukudhamini. Nataka mwenyeji. Sitaki mgeni mwingine."

"Afande, kitovu changu kimezikwa hapa. Baba yangu amelala kwenye makaburi hayo hapo nyuma."

"Nimesema mwenyeji."

Inspekta hakupiga kelele. Hakumtukana. Aliendelea kuandika.

Bwana Mwirigi, mfanyabiashara wa miraa, alikuwa amesimama mlangoni akingojea kibali cha gari lake. Alikuja hapa kutoka upande wa Maua mwaka juzi. Mpaka leo akitaka kwenda mtoni ananiuliza njia. Akasema, "Si mniandike mimi? Huyu mzee ni mtu mzuri," akaweka sahihi, na ikakubaliwa hapo hapo. Mungu ambariki. Ana roho safi na hakulazimika kufanya hivyo, na nilimshukuru kwa mikono miwili. Lakini nilimwona Jama akiitazama ile kalamu.

Tulirudi watatu kwa miguu. Watu walikuwa wanatoka majumbani kumpa mkono, salaam aleikum Jama, pole Jama, na yeye anaitikia kila mmoja. Baba alijaribu kumwomba msamaha, akachanganya maneno, akaanza upya. Jama akamwambia, "Mzee, hukunifunga wewe."

Mama Saadia alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Alimshika mumewe uso, shingo, mikono, akimkagua kama mama anayekagua mtoto aliyeanguka. Halafu akanijia mimi. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wao, sijui niingie au niende zangu. Alinikumbatia kwa nguvu. "Abaayo, umekonda," akasema, "ingia, leo mnakula kwangu." Nikajiambia basi, yamepita, sasa tutalala.

Tulikula wali na nyama ya mbuzi kwa sinia moja. Tulicheka kwa ile hadithi ya koplo, nikaisimulia mara mbili. Hata Jama alitabasamu na ule mdomo wake uliopasuka.

Alipomaliza kunawa mikono akasema wanahama. Alisema taratibu, kama anayeomba chumvi. Lori litaelekea kusini, halihitaji msafara wa askari upande huo. Ana binamu Nairobi. Wataondoka wiki hii.

Mama Saadia aliacha kukusanya vyombo. Naona hata yeye alikuwa hajaambiwa.

Jama akasema kupigwa amepigwa, na kulala kwenye saruji amelala, hayo mwanamume anavumilia. "Lakini yule kijana ameniambia machoni mimi ni mgeni, na pale palikuwa na watu wa huu mji, wananijua. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa."

Nilikuwa mmoja wao. Mimi pia sikushangaa. Niliona uchungu, nilimwonea huruma, lakini kushangaa sikushangaa, na alipokuwa akisema hivyo nilitazama sinia.

Baba alimsihi abaki. Alivuta mkeka wake karibu, akamshika goti. Alimwambia ugeni si ugonjwa, haumuui mtu. Yeye ameishi nao hapa miaka yote hii, asubuhi unaamka nao, unafanya kazi, watu wanakuamkia, jioni unalala. Mtu anazoea.

"Wewe ulikuja, Mzee," Jama akamjibu. "Mimi sikuja kutoka popote."

Baba alikaa na mkono wake pale pale kwenye goti la Jama mpaka nikamwambia twende, jua linazama, kafyu.

Sasa yuko chumbani kwake. Simsikii akikoroma, kwa hiyo hajalala. Alikwenda kujitia mikononi mwa polisi ili jirani yake arudi nyumbani, na jirani amerudi kufunga mizigo. Sijui nimwambie nini. Nikisema si kosa lake nitakuwa nadanganya kidogo, nikisema ni kosa lake nitakuwa nadanganya zaidi.

Chini ya kitanda changu nina sanduku. Nimelifungasha mara nyingi tangu vita hivi vianze, kila mwaka nikimwambia Baba twende Mombasa, hapa si kwetu, na kila mwaka nalifungua tena kutoa nguo. Leo nimelivuta nikalitazama. Nimelirudisha bila kuligusa kufuli.

Mama Saadia ameniomba magunia ya kuwekea vyombo. Kesho kafyu ikifunguliwa nitaenda kwa Mjomba Chen, ana mengi matupu ya unga. Nitamsaidia Mama Saadia kufunga masufuria kwa matambara ili yasigongane njiani.

Miaka yote hii nilidhani ni sisi tutakaoondoka.